Unauguza mgonjwa nyumbani na unataka kupumzika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanaouguza nyumbani wanayarudia kila siku, awe mzazi aliyepigwa kiharusi, mume mwenye kansa, bibi anayesahau au mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mengi ni ya Tanzania bara ila Zanzibar, Kenya na walio nje nao wamo humu humu. Kama una haraka ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya makabidhiano, ndo hapo mipango mingi inapoharibika.

## Ya mwanzo

Kupumzika maana yake nini hapa? Si ndo kumtelekeza mgonjwa?

Hapana. Maana yake mtu mwingine anashika zamu yako kwa muda unaojulikana, masaa matatu, wikiendi, wiki mbili, halafu unarudi. Hospitalini nesi akimaliza zamu anaenda kwake na hamna anayesema kamtelekeza mtu. Wewe nyumbani zamu haiishi, unalala chumba kimoja na mgonjwa, saa nane usiku unaamka kumgeuza, alfajiri unafua mashuka, saa mbili unapika uji, na wageni wakija kumjulia hali wanakaa nusu saa wanaondoka.

Ntajuaje kama nimefika pa kupumzika?

Umeanza kumfokea kwa vitu ambavyo si kosa lake, kama kujikojolea. Hukumbuki kama dozi ya mchana umempa au bado. Dawa zako mwenyewe za presha zimeisha na hujaenda kuchukua nyingine. Mgongo unauma kwa kumnyanyua. Umeacha jumuiya, msikiti, kikoba, hata kusuka nywele. Ukijikuta kwenye mawili matatu hapo, anza kupanga wiki hii hii.

Na kama kuna siku mkono umekwenda ukampiga, au umekaribia kwenda, usifiche ukidhani utajirekebisha kimya kimya. Toka hapo chumbani, mwite jirani au ndugu akae na mgonjwa leo leo, mengine mtaongea kesho.

Nianze na siku ngapi?

Anza na masaa. Jumamosi moja toka saa nne mpaka saa nane, uko mtaa wa pili tu. Inayofuata shinda kutwa. Halafu lala nje usiku mmoja. Ukifika kwenye wiki nzima mgonjwa ameshazoea ile sura nyingine na wewe umeshajua huyo mtu anajua nini na hajui nini. Anayeanza na wiki mbili moja kwa moja mara nyingi anarudishwa na simu siku ya tatu, nauli imeenda na hajapumzika.

Nipange mapema kiasi gani?

Kama ni ndugu anayemjua mgonjwa, wiki moja inatosha. Mtu mgeni kabisa, mpe mwezi, sababu kuna kumtafuta, kumchuja, kumfundisha na kumjaribu. Epuka kuanza siku chache baada ya mgonjwa kutoka wodini au akiwa amebadilishiwa dawa juzi juzi.

## Nani atashika zamu

Ndugu wote wanasema "tupo pamoja" halafu hawaji. Naombaje?

Ukisema "nisaidieni jamani nimechoka" kwenye grupu la WhatsApp utapata emoji za mikono imefumbatwa na mia mbili za "pole sana dada". Ombi lenye majibu lina tarehe, masaa na kazi. "Kaka, tarehe 14 mpaka 17 naenda Tanga, nataka uje ulale nyumbani hizo usiku tatu, kazi yako ni kumgeuza saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi." Hapo atasema ndio au hapana, na akisema hapana unamuuliza basi atamleta nani au atamlipa nani.

Jambo jingine, kuna ile tabia familia imeshagawana kazi bila kikao, wa kiume wanatuma hela na binti mmoja, mara nyingi ambaye hajaolewa au amerudi nyumbani, ndo mikono. Anayetuma hela anajiona ameshamaliza. Mi naona hela ya dawa ni nusu ya deni, nusu nyingine ni muda, na asiyeweza kutoa muda wake anunue wa mtu mwingine (angalia sehemu ya pesa). Kwahiyo kwenye kikao cha familia usipeleke bajeti ya pampas na dawa peke yake, weka na mstari wa mtu wa kupokea zamu. Akiwepo mjomba au shangazi anayeheshimika muombe yeye ndo aliseme, likitoka kwako litaonekana lalamiko.

Mi ni mke wa mtoto wake, namuuguza mama mkwe. Nikiomba kupumzika mawifi watasema sitaki mama yao.

Usiombe wewe. Aongee mume wako, tena awapigie dada zake mmoja mmoja kabla ya kikao, na aseme yeye ndo anataka mke wake apumzike. Na lugha iwe ya kumgawia kila mtu nafasi, "mama amewamiss, mwezi ujao wifi yenu anasafiri, nani atakuja kukaa naye?" Wengi hawakatai kumuuguza mama yao, wanakataa kuonekana walikuwa hawamuuguzi. Wifi akishalala pale usiku mbili tatu maneno yenyewe yanapungua.

Dada wa kazi anaweza kushika zamu?

Anaweza kama amekubali, amefundishwa, na analipwa zaidi kwa hiyo kazi. Kumuogesha mtu mzima, kubadili pampas na kuamka usiku haipo kwenye makubaliano ya kupika na kufua mliyoanza nayo, kwahiyo mkae muongee upya kabla hujafunga begi. Na zile siku asibebe yote, tafuta wa kupika au punguza kazi nyingine za nyumba. Binti mdogo wa miaka 15 au 16 usimuachie mtu mzima wa kunyanyua, ataumia yeye na watadondoka wote wawili.

Wauguzaji wa kulipwa wanapatikana wapi, na nawachujaje?

Anzia pale mgonjwa anapotibiwa. Mwulize nesi wa kliniki au mtu wa fizio (mazoezi ya viungo), wanawajua manesi wastaafu na wanaofanya kazi za nyumbani siku zao za ofu. Mijini zipo pia kampuni zinazotoa watu kwa zamu, na Nairobi ni nyingi kuliko Dar.

Akijiita nesi, jina lake liwepo kwenye orodha ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, au la wauguzi la kule Kenya. Kama si nesi, ni mtu tu mwenye mikono mizuri, haina shida, wengi wako vizuri sana kuliko wenye vyeti, ila bado unataka kitambulisho cha NIDA, namba za familia mbili alizowahi kuzifanyia kazi (zipigie kweli, uliza "ungemrudisha?"), na taarifa kwa mjumbe kwamba kuna mtu anaishi kwako. Halafu umtazame akimgeuza mgonjwa. Anayemwambia mgonjwa "bibi sasa nakugeuza upande wa dirisha" kabla ya kumshika, huyo mchukue. Anayemvuta mkono wenye kiharusi kama kamba, mshukuru na umpe nauli.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii je?

Mpango wao mpya Tanzania ulizinduliwa Januari 2024, na Kenya wanao wale mapromota wa afya wa jamii waliopelekwa mitaani tangu 2023. Wanakuja, wanaangalia, wanatoa ushauri na rufaa, ila hawashindi na mgonjwa. Tumia kwa kitu kimoja: mwombe apite mara moja au mbili ukiwa haupo. Jicho la tatu linasaidia sana.

Kuna hospitali ya kumlaza siku chache ili mimi nipumzike?

Hospitali za serikali kwa kawaida hazilazi mtu ambaye hana cha kutibiwa, na bima nayo inalipia matibabu tu. Hata akilazwa, wodi zetu zinamtegemea ndugu kwa chakula, kufua na kukaa naye, kwahiyo utajikuta umehama kitanda tu ukaenda kulala kwenye mkeka.

Kwa wagonjwa wa kansa na magonjwa yasiyopona, ulizia huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa na familia pale ugonjwa hauponi. Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar wanayo, hospitali ya Selian ya Arusha na ya Muheza kule Tanga nao wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Kenya kuna Nairobi Hospice, ipo tangu 1990 kwenye eneo la hospitali ya Kenyatta, na Mombasa kuna Coast Hospice. Usitegemee kitanda cha wiki mbili, ila timu zao zinakufundisha kutuliza maumivu na kuongea na familia, na mgonjwa akishatulia kila mtu mwingine anaweza kumshika.

Nyumba za wazee za serikali kama Nunge ya Kigamboni, au Welezo na Sebleni kule Zanzibar, ni kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza, hazipo kwa ajili ya kumweka mama wiki moja ukaenda harusini. Nyumba binafsi zinazopokea kwa muda mfupi zipo, zaidi Nairobi. Nenda bila miadi, saa ya kula au usiku, uliza watu wangapi wanakuwepo zamu ya usiku na nusa korido.

## Makabidhiano

Niandike nini kwenye daftari?

Counterbook moja, iwe kichwani pa kitanda, isitoke hapo. Ukurasa wa kwanza namba za simu: wewe, ndugu anayefanya maamuzi usipopatikana, zahanati au daktari, bodaboda au bajaji unayoiamini, jirani mwenye gari. Kadi ya bima na kadi ya kliniki ziwe kwenye bahasha ndani ya daftari hilo hilo.

Ukurasa wa pili dawa, kwa saa na si kwa jina tu. Andika "saa 2 asubuhi, kidonge cheupe kidogo cha presha, kimoja, baada ya uji". Bandika kipande cha boksi la dawa pembeni. Weka kisanduku cha kutiki kila dozi, maana bila tiki mtu wa zamu ya jioni atampa mara mbili.

Kuanzia hapo ni siku yake: anaamka saa ngapi, uji uwe mzito kiasi gani, choo kinatoka mara ngapi, anapenda redio ipi, anaogopa nini, akisema "maji" maana yake nini (kuna wagonjwa wa kiharusi neno moja linabeba vitu vitano). Haya madogo ndo yanafanya mgonjwa asikatae kula siku ya pili.

Mwisho ukurasa wa "nipigie" na "usinipigie, nenda hospitali". Kwenye wa pili andika: ameshindwa kupumua, hazinduki, mdomo umepinda ghafla, degedege, homa kali, ameanguka akapiga kichwa.

Mtu mgeni afundishwe nini kwanza?

Kulisha. Akae wima au kichwa kiinuliwe vizuri, kijiko kidogo, asubiri ameze ndo alete kingine, na asimlaze chini mpaka ipite kama nusu saa. Mgonjwa anayekohoa kila akinywa maji anahitaji kuonwa, si kulazimishwa. Kama analishwa kwa mpira wa puani, asiyefundishwa na nesi asiguse.

Halafu kugeuza, kila baada ya masaa mawili kwa asiyejigeuza, mchana na usiku, mto kati ya magoti, na kila akigeuza aangalie makalio, visigino na nyonga. Ngozi nyekundu ambayo haipotei ukiibonyeza ndo kidonda kinachokuja. Godoro la hewa linasaidia ila halifuti kugeuza.

Kama ana kathita (mpira wa mkojo) mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usilale sakafuni. Kama ana sukari na anatumia insulini, akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea ovyo, apewe sukari vijiko vya chai vitatu vinne kwenye maji, iwapo tu yuko macho na anameza, na baada ya dakika kumi na tano apimwe tena.

Na usimfundishe kwa maneno. Siku ya kwanza anakuangalia, ya pili mnafanya pamoja, ya tatu anafanya yeye na wewe umekaa kwenye kiti mikono mfukoni hata kama anatandika vibaya. Ukiona huwezi kuvumilia shuka lisilonyooka, bado hujawa tayari kuondoka wewe.

Ana morfini ya maji. Nayo namuachia mtu?

Ndio, maana bila dozi zake maumivu yatarudi na zamu yote itaharibika. Ifungiwe kabatini, funguo awe nayo mtu mmoja, kipimo kiandikwe kwa mililita kama kilivyo kwenye maelekezo ya kliniki na apime kwa sirinji ileile. Asiongeze kwa huruma wala asipunguze kwa hofu. Akiona mgonjwa anasinzia kupita kawaida au anapumua taratibu sana, apige simu kabla ya dozi inayofuata. Morfini inafunga choo, kwahiyo na dawa ya choo iwe kwenye orodha.

## Pesa na kazi

Inagharimu kiasi gani?

Bei inategemea mji, zamu ya mchana au kutwa na usiku, na kama ni nesi au la, kwahiyo piga hesabu hivi: malipo ya mtu kwa siku, nauli yake, chakula chake, pampas na glavu za siku zote, halafu akiba ya dharura ya kumfikisha hospitali. Hiyo akiba muachie mtu unayemwamini kwenye M-Pesa yake, usiseme "nitatuma ikitokea", mtandao unaweza ukakataa saa tisa usiku.

Masaa 24 kwa mtu mmoja haiwezekani zaidi ya siku mbili. Kama mgonjwa anaamka usiku lipa watu wawili au ndugu ashike usiku. Malipo yaandikwe, hata nusu karatasi yenye sahihi zenu.

Serikali inatoa chochote?

Hela ya kumpumzisha anayeuguza, hapana. Ila kuna zinazoweza kuchangia. Zanzibar kuna pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kuwa 50,000. Kenya kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, kwa wazee wa 70 na kuendelea na pia kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Bara kuna TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya maskini, na wazee wa 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha wa matibabu. Pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, huyo ni mtu wa kumjua jina lake.

Nimeajiriwa. Kazini wataniruhusu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Zile siku 4 za dharura zenye malipo zinahusu mtoto akiugua au akifariki, na kifo cha mwenza, mzazi na ndugu wa karibu. Mzazi akiugua hayumo, inakera lakini ndo ilivyo, kwahiyo unaomba likizo ya mwaka au mnaelewana na mwajiri. Kenya likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi.

Ushauri: usimalize likizo yote kwenye kliniki za mgonjwa. Tenga siku chache mapema zenye mtu wa kukupokea.

Nipo nje ya nchi, dada yangu ndo anauguza nyumbani. Nifanye nini?

Mlipe mtu wa kumpokea, na hela iende kwa huyo mtu au kwa dada ikiwa imeandikwa ni ya zamu, maana ikichanganyika na ya matumizi itakuwa ada na unga. Ukija likizo zile wiki tatu shika wewe walau wiki moja, usiku na mchana, naye aondoke kabisa.

Kama wewe ndo unauguza huko: England halmashauri yako inatakiwa kukufanyia tathmini wewe mwenyewe unayeuguza, ipo kwenye sheria ya 2014, iombe. Marekani, mgonjwa aliye kwenye huduma ya hospice (tiba shufaa) chini ya Medicare, bima ya serikali ambayo zaidi ni ya wazee, anaweza kulazwa mpaka siku 5 kwa mara moja ili wewe upumzike.

## Kesi ngumu

Mgonjwa anakataa mtu mwingine yeyote.

Mara nyingi ni aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya mgeni. Mzee wa kiume aogeshwe na mwanaume, mama na mwanamke, na akitaka kanga mwilini wakati wa kuoga iachwe. Mgeni aanze kama mgeni kweli, aje apige stori, alete chai, wiki inayofuata ndo aanze kushika. Na mgonjwa aambiwe na mtu anayemsikiliza, awe padri, imamu au mtoto wake wa kwanza. Usiondoke kwa kumtoroka akiwa amelala, akiamka imani kwa wote wawili imekwisha.

Baba anasahau, usiku anataka "kwenda nyumbani" wakati yupo nyumbani.

Huyu usimhamishe kumpeleka kwa ndugu, nyumba mpya inamchanganya zaidi, mlete mtu kwake. Jioni ndo wengi wanahangaika, kwahiyo anayeshika zamu ajue kutobishana, atembee naye uani, amrudishe na chai. Geti lifungwe, awe na karatasi yenye namba ya simu mfukoni, na jirani pamoja na mwenye duka waambiwe.

Ni mtoto, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hamna anayethubutu kukaa naye.

Wanaothubutu ni wazazi wenzako mnaokutana kliniki ya mazoezi. Wekeni zamu, Jumamosi hii wote kwako, ijayo kwake. Kuhusu kifafa kila atakayekaa naye ajue: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usiweke kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa, ikizidi dakika tano hospitali.

Je, akifariki nikiwa sipo?

Inaweza kutokea, na watu wengine wamefiwa wakiwa wameenda sokoni tu. Kama daktari ameshasema siku ni chache, fupisha safari, usiende mbali zaidi ya masaa matatu, na uagane naye vizuri kabla ya kuondoka. Mwachie anayeshika namba ya wa kupigiwa kwanza na nini mgonjwa alitaka kuhusu maombi na mazishi.

Nimerudi nimekuta michubuko, au ngozi imeoza.

Mtazame mwili mzima siku ile ile ukirudi, mchana, mwenye zamu akiwa bado yupo. Wekundu kidogo muulize aonyeshe daftari la kugeuza. Michubuko ya vidole mikononi, hofu mpya, hela au dawa kupungua: piga picha, mpeleke akaonwe, toa taarifa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto na kwa ustawi wa jamii. Usimalizane kifamilia eti kwa sababu aliyefanya ni binamu.

Niko likizo, nipige simu mara ngapi?

Mara mbili, asubuhi na jioni, saa zinazojulikana. Ukipiga kila saa aliyepo anaacha kumlisha akapokee, na wewe utakuwa umeuguza kwa simu.

Sina ndugu na sina hela kabisa.

Omba masaa kwa watu tofauti, kila mmoja kidogo. Mjumbe wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa madrasa, wenzako wa kikoba, jirani wa mlango wa pili. Mtu ambaye hawezi kukupa siku anaweza kukupa Jumanne saa nane mpaka saa kumi, na watatu wa namna hiyo kwa wiki wanakutosha kulala mchana mara tatu. Kazi uwape nyepesi, kukaa naye na kumpa maji, kugeuza ufanye kabla hujatoka. Sambamba na hapo nenda kwa ustawi wa jamii na kwa mhudumu wa afya wa mtaa, uandikishwe. Na hayo masaa mawili yakipatikana usifue. Lala.